Kamshafti ya V8 ya bloku kubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kununua

Maelezo haya ni ya mtu mwenye Chevelle, Charger, GTO au gari jingine la misuli la Kimarekani, la kati ya 1965 na 1974 hivi, lenye V8 ya bloku kubwa, ambalo linaendeshwa barabarani. Gari la kwenda kazini siku moja moja, la harusi ya jamaa, la safari ya Jumamosi. Gari la mashindano linalobebwa juu ya trela lina mahesabu yake na hayamo humu. Mifano mingi ni ya Chevrolet 454 (namba ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo) kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi. Ford, Mopar (yaani Chrysler, Dodge na Plymouth) na wengine nimewaweka karibu na mwisho.

Kamshafti inafanya nini hasa?

Ni shafti yenye nundu, inayozunguka nusu ya kasi ya krenki. Nundu inasukuma tapeti, tapeti inasukuma pushirodi, pushirodi inainua roka, roka inafungua valvu. Umbo la nundu ndilo linaloamua valvu ifunguke lini, ifunguke kiasi gani na ifungwe lini. Injini moja haiwezi kupumua vizuri kwa kiwango kilekile kwenye mizunguko 2,000 na kwenye 6,000. Ukiiongezea juu, unaipunguzia chini.

Tazama Chevelle SS ya 1970. Ilikuja na 454 za aina mbili. LS5 iliandikiwa nguvu za farasi 360 na LS6 ikaandikiwa 450. Watu wanakumbuka tofauti hiyo ya farasi 90. Wanachosahau ni kwamba zote mbili ziliandikiwa toki ileile, yaani nguvu ya kusokota krenki, pauni-futi 500. LS5 iliifikisha kwenye mizunguko 3,200, LS6 kwenye 3,600. Ukubwa wa injini ni uleule. LS6 ilikuwa na hedi zenye njia kubwa, kompresheni ya juu zaidi na kamshafti kali ya tapeti solidi (za chuma kitupu, zisizojirekebisha kwa oili kama za haidroliki), ndiyo maana ikaendelea kuvuta hadi 5,600 ambako LS5 ilikuwa imeshachoka.

Sasa jiulize: ukitoka kwenye taa za barabarani, mshale wako wa mizunguko unasimama wapi? Kwa wengi wetu ni kati ya 1,500 na 4,000, yaani eneo la LS5.

Nimeona kamshafti nzuri inauzwa. Ninunue?

Hapana, bado. Kamshafti huchaguliwa mwisho, ingawa kila mtu huanza nayo. Kwanza andika kwenye karatasi mambo haya: uzito wa gari, uwiano wa difu, kipenyo cha tairi, aina ya gia boksi, stoli ya konvata kama ni otomatiki (mizunguko ambayo konvata inairuhusu injini ifikie kabla ya kuibana), kompresheni halisi, aina ya hedi, aina ya eksozi, na kama breki zina busta ya vakyumu. Kama hujui kompresheni yako, ipimwe kwa kukokotoa ujazo wa chemba, unene wa gasketi na kichwa cha pistoni. Neno la aliyekuuzia gari halitoshi. Injini hizi zina zaidi ya miaka 50 na zimepita mikononi mwa mafundi wengi. Pistoni zilizomo huenda si zile zilizotoka kiwandani.

Difu inasahaulika sana. Chukua tairi yenye kipenyo cha inchi 27 na gia ya mwisho ya moja kwa moja. Ukiwa mwendo wa maili 65 kwa saa, karibu kilomita 105, difu ya 3.31 inazungusha injini karibu mara 2,700 kwa dakika. Difu ya 4.10 inaizungusha karibu mara 3,300. Kamshafti inayoanza kuamka kwenye 3,000 itakuwa imesinzia safari nzima katika gari la kwanza. Katika gari la pili itakuwa macho, ila masikio yako na kituo cha mafuta watakwambia bei yake.

Karatasi ya kamshafti imejaa namba. Zipi ni za muhimu?

Namba ya kwanza ni urefu wa kufunguka, yaani valvu inakaa wazi kwa digrii ngapi za krenki. Utaiona mara mbili. Ile kubwa, mfano 268, ni ya matangazo: inapimwa tangu tapeti inapoanza kuinuka kidogo tu, na kila kiwanda kinachagua pa kuanzia. Ile ndogo, mfano 224, inapimwa tapeti ikiwa imeinuka inchi 0.050, yaani thau 50. Ukilinganisha kamshafti za viwanda viwili, tumia hii ndogo, kwa sababu kipimo chake ni kimoja kwa wote.

Ya pili ni kimo cha kuinuka. Nundu yenyewe inaweza kuwa na inchi 0.320; roka ndiyo inayoizidisha. Bloku kubwa ya Chevrolet ina roka za 1.7, kwa hiyo valvu inafunguka inchi 0.544. Nundu ileile kwenye bloku ndogo yenye roka za 1.5 ingefungua 0.480 tu. Ukisikia mtu anajisifia kimo, muulize kwanza ni cha kwenye nundu au cha kwenye valvu.

Ya tatu ni pembe ya kutenganisha nundu, yaani umbali kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na kilele cha nundu ya kutoa moshi. Kwa barabarani huwa kati ya 108 na 114. Imechongwa kwenye chuma na huwezi kuibadilisha baada ya kununua. Namba inayofuata, mstari wa kati wa valvu ya kuingiza, yaani digrii ya krenki ambayo valvu hiyo inafika kilele, ndiyo unayoweza kuisogeza wakati wa kufunga, kwa kutanguliza au kuchelewesha kamshafti nzima.

Kutoka hapo unapata mwingiliano, kile kipindi ambacho valvu zote mbili ziko wazi kwa pamoja. Jumlisha urefu wa matangazo wa kuingiza na wa kutoa, gawa kwa 4, toa pembe ya kutenganisha, kisha zidisha kwa 2. Kamshafti ya 268 na 276 yenye pembe 110: 544 kwa 4 ni 136, toa 110 unabaki na 26, mara mbili ni digrii 52. Ileile ikichongwa kwa pembe 114 inashuka hadi 44. Nyingine ya 292 na 300 kwa pembe 110 inapanda hadi 76. Hesabu hii fupi inakueleza tabia ya gari ukiwa umesimama kwenye foleni kuliko maneno yote ya kwenye boksi.

Rafiki yangu mwenye 350 ya bloku ndogo anasema digrii 230 ni za wazimu. Kwenye 454 mnaziita za kawaida. Nani yuko sawa?

Nyote wawili. Silinda kubwa inahitaji hewa nyingi zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo urefu uleule wa kufunguka unaonekana mdogo kwake. Digrii 230 kwa thau 50 kwenye 350 zitaifanya itetemeke na kulegea chini. Kwenye 454 ni kamshafti ya barabarani yenye uchangamfu. Kwenye 496, yaani 454 iliyoongezewa stroki na kupanuliwa kidogo, inakuwa ya upole kabisa. Ushauri mwingi unaozunguka umetoka kwa watu wa bloku ndogo, na ukiuhamisha hivyohivyo utakosea upande mmoja au mwingine.

Basi nipe namba.

Haya, kwa 454, kwa urefu wa kuingiza unaopimwa kwa thau 50, na tapeti za haidroliki.

Gari zito, konvata ya kiwandani, difu ya 3.08 hadi 3.31, kompresheni ya 8.5 hadi 9: kaa kati ya 210 na 222. Utapata gari linalorarua matairi ukikanyaga mafuta kidogo, na ambalo mkeo au mama yako anaweza kuliendesha bila maelezo.

Konvata yenye stoli ya 2,400 hadi 2,800 au gia za mkono, difu ya 3.55 hadi 3.73, heda (mabomba ya eksozi, moja kwa kila silinda), kompresheni ya 9.5 hivi: 224 hadi 234. Hapa ndipo ningemweka karibu kila anayeniuliza. Sauti ipo, nguvu ipo, breki bado zinashika.

Kompresheni ya 10 au zaidi, hedi nzuri, stoli ya 3,000 na kitu, difu ya 4.10: 236 hadi 245. Ni gari la starehe linalotoka siku maalumu. Zaidi ya hapo unaweza kuliendesha barabarani, ndiyo, lakini usiniambie unalifurahia kwenye foleni.

Kwa 396 punguza digrii 6 hivi kwenye kila kundi. Ukiwa umekwama kati ya mbili zinazokaribiana, na kompresheni yako huna uhakika nayo, chukua ndogo. Sijasikia mtu akilalamika kwamba 454 yake ina toki nyingi mno chini.

Kompresheni inahusianaje na kamshafti?

Pistoni haianzi kukandamiza chochote mpaka valvu ya kuingiza ifungwe, na inafungwa pistoni ikiwa tayari inapanda. Kamshafti ya 268 yenye mstari wa kati 106 inaifunga digrii 60 baada ya pistoni kupita chini kabisa. Ile ya 292 kwa mstari wa kati 108 inaifunga kwenye 74. Katika digrii hizo 14 za ziada, mchanganyiko unasukumwa kurudi kwenye manifoldi. Kwa hiyo kamshafti ndefu inakula kompresheni.

Hapo ndipo wengi wanapokula hasara. Kuanzia 1971 General Motors ilishusha kompresheni ili injini zikubali petroli ya okteni ndogo. LS5 ilitoka 10.25 ya 1970 ikaja 8.5. Mtu ananunua 454 ya wakati huo, anaitia kamshafti ya digrii 240 kwa sababu ameisikia kwenye gari la mwenzake, halafu anashangaa gari limekuwa zito kuliko lilivyokuja. Gari la mwenzake lilikuwa na 10.5. Kwenye 8.5, kamshafti ile inaiacha injini ikiwa haina cha kukandamiza hadi ifike 3,500.

Kinyume chake pia kipo. Mwenye 10.25 na hedi za chuma za kiwandani akitia kamshafti fupi mno, petroli ya pampu itaanza kugonga, ule mlio wa kokoto ndani ya bati unapopanda mlima. Huyo anahitaji kamshafti ndefu kidogo. Hedi za alumini zinamwachia nafasi zaidi, kwa sababu alumini inaondoa joto haraka.

Niko Maskati (au Dubai). Hesabu ni zilezile?

Karibu. Angalia namba ya petroli kwanza. Pampu za Ghuba zinaandika RON, kipimo kimoja cha okteni. Za Marekani zinaandika wastani wa RON na MON, kipimo kingine kikali zaidi, na wastani huo daima ni mdogo kuliko RON. Premiamu ya 93 ya Marekani iko karibu na 98 ya kwenu, na 91 ya California iko karibu na 95. Usisome ushauri wa Mmarekani anayesema “91 inatosha” ukaenda kujaza 91 ya Ghuba.

Halafu kuna joto. Hewa ya digrii 45 inasogeza injini karibu na kugonga, na petroli inachemka kwenye kabureta ukisimama. Ningeshusha kompresheni nusu pointi na kuchagua pembe ya 112 badala ya 108, ili injini itulie ikiwa kwenye gia na kiyoyozi kinafanya kazi.

Tapeti bapa au za rola? Haidroliki au solidi?

Tapeti bapa za haidroliki ni rahisi kwa bei na hazihitaji kurekebishwa kila mara. Udhaifu wake ni siku ya kwanza ya maisha yake, tutafika hapo. Solidi bapa zinapanda mizunguko zaidi na zina mlio wa cherehani ambao wengine, mimi nikiwemo, tunaupenda. Lakini lazima ufungue vifuniko vya valvu na kupima nafasi kwa fila geji kila baada ya muda.

Rola za haidroliki ndizo ningefunga leo kama mfuko unaruhusu. Nundu yake inaweza kufungua valvu haraka na kuifunga haraka, kwa hiyo unapata kimo kikubwa bila kurefusha sana mwingiliano. Hofu ya nundu kusagika siku ya kwanza inaondoka. Lakini bei si ya kamshafti na tapeti peke yake. Kwenye bloku za zamani za Mark IV (bloku kubwa za Chevrolet za kuanzia 1965) utahitaji tapeti zilizounganishwa mbilimbili kwa kiungo ili zisijizungushe, pushirodi fupi zaidi, springi mpya, na kizuizi mbele ya kamshafti ili isitembee kwenda mbele na nyuma. Tapeti bapa zilikuwa zinaizuia zenyewe kwa mteremko mdogo wa nundu, rola hazifanyi hivyo. Na gia ya distribyuta: kamshafti ya chuma kigumu itaitafuna gia ya kawaida. Soma karatasi ujue inataka gia gani kabla hujawasha.

Solidi rola kwa gari la barabarani, hapana. Zinataka springi ngumu sana, na beringi za sindano ndani ya rola zinapata oili kidogo injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Gari la barabarani linakaa sailensa nusu ya maisha yake. Beringi moja ikivunjika, sindano zinashuka kwenye oili na hadithi inakwisha.

Kamshafti mpya ya tapeti bapa imekufa baada ya saa moja. Kwa nini?

Swali hili linakuja mara nyingi mno. Chini ya tapeti bapa kuna uvimbe mdogo usioonekana kwa macho, na nundu ina mteremko wa thau 1 au 2. Vitu hivyo viwili vinaifanya tapeti izunguke huku inapanda na kushuka. Ikizunguka, inaishi. Ikikwama, inaanza kusugua mahali pamoja na ndani ya dakika chache nundu imekuwa duara.

Mambo yanayoua ni machache na yanajulikana. La kwanza ni oili. Viongezi vya zinki na fosforasi ndivyo vinavyolinda chuma kinaposuguana na chuma, na kuanzia daraja la API SM la 2004, fosforasi katika oili nyepesi za petroli iliwekewa kikomo cha sehemu 800 kwa milioni ili kulinda vichujio vya eksozi za magari mapya. Injini yako haina kichujio hicho. Tumia oili ya kuzindulia, yaani ya kuiwasha kamshafti mpya mara ya kwanza, au ya magari ya zamani yenye 1,200 au zaidi.

La pili ni kuzungusha kwa starta muda mrefu. Andaa kila kitu kwanza. Paka nundu zote na chini ya tapeti ule mchanganyiko mzito wa molibdenamu unaokuja na kamshafti. Chomoa distribyuta, tia kishikio kwenye drili na uzungushe pampu ya oili mpaka oili itoke kwenye roka zote 16. Rudisha distribyuta, weka taimingi, jaza petroli kwenye bakuli la kabureta kwa mkono. Injini iwake kwa kugusa. Ikishawaka, usiiache sailensa hata kidogo: ipandishe papo hapo hadi 2,000, iache ipande na kushuka kati ya hapo na 2,500 kwa dakika 20 hadi 30. Kasi hiyo ndiyo inayorusha oili ya krenki juu ya kamshafti.

La tatu ni springi. Kama springi zako ni za mbili ndani ya moja, toa za ndani wakati wa kuzindua. Ni kazi ya kuchosha kuzirudisha baadaye, na ndiyo maana watu hawaifanyi.

Kuna kitu kidogo kinachofaa zaidi ya vyote. Kabla ya kuwasha, fungua vifuniko vya valvu, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila pushirodi, kisha umwambie mwenzako azungushe injini kwa mkono. Kila mstari lazima uonekane ukizunguka taratibu. Pushirodi moja ikisimama tu, simamisha kazi, toa tapeti hiyo na utazame tundu lake. Baada ya kuzindua, mwaga oili, kata filta na uikunjue karatasi yake chini ya mwanga. Vumbi la kijivu kidogo ni kawaida. Vipande vinavyometa si kawaida.

Nataka ule mlio. Ule wa kuruka-ruka.

Najua. Nusu ya maswali haya yote ni swali hili limevaa nguo nyingine. Mlio unatoka kwenye mwingiliano: moshi unarudi kwenye manifoldi, mchanganyiko unachafuka, injini inaruka moto mmoja na kushika unaofuata. Unaweza kuupata bila kurefusha kamshafti, kwa kubana pembe hadi 108 kwenye urefu wa wastani, na viwanda vingi vina kamshafti zilizochongwa kwa ajili ya sauti hasa. Kwenye 454, digrii 230 kwa pembe 108 zinasikika vizuri mno. Usipitishe hapo kwa sababu ya sauti peke yake.

Breki zangu zitakuwaje?

Busta inaishi kwa vakyumu. Injini ya kiwandani yenye afya ina inchi 17 hadi 20 za zebaki ikiwa sailensa. Ikishuka chini ya 14 hivi kanyagio linaanza kuwa gumu, na kwenye 10 utaisikia kwa mguu. Pima baada ya kufunga, gari likiwa kwenye gia. Kama haitoshi, weka pampu ya vakyumu ya umeme, au badilisha kwenda busta inayotumia shinikizo la pampu ya usukani. Kopo la akiba la vakyumu linasaidia mkanyago mmoja au miwili tu. Gari la karibu kilo 1,800 halifai kuwa na akiba ya mikanyago miwili.

Hedi zangu zinaathiri uchaguzi?

Sana. Chevrolet ilitoa hedi zenye njia ya umbo la yai, kwa kawaida na valvu ya kuingiza ya inchi 2.06, na zenye njia ya mstatili zenye valvu ya 2.19. Za yai zinapendeza barabarani kwa sababu hewa inakimbia hata mizunguko ikiwa chini. Za mstatili zinataka kamshafti ndefu na mizunguko. Kuzifunga na kamshafti ya digrii 215 ni kupoteza pesa. Na kuna zile za malori za miaka ya 1980 zenye njia ndogo kama njugu. Hizo zikibaki, usizidi digrii 220. Kamshafti haiwezi kupitisha hewa ambayo njia imeikataa.

Kama umebakiza manifoldi za eksozi za kiwandani badala ya heda, chagua kamshafti ambayo urefu wa kutoa umezidi wa kuingiza kwa digrii 8 hadi 10. Ukiwa na heda nzuri, 6 zinatosha.

Springi za zamani zitafaa? Na valvu itagonga pistoni?

Springi zinunuliwe pamoja na kamshafti, zile ambazo kiwanda kimezitaja. Kwenye kimo cha juu kabisa zibaki na nafasi ya thau 60 kabla hazijajibana, na kishikilia springi kisiguse sili.

Kuhusu pistoni, pima, usikisie. Bandika udongo wa kuchezea wa watoto juu ya pistoni, paka oili kidogo, funga hedi na gasketi iliyotumika, zungusha krenki kwa mkono mara mbili, fungua, kata udongo kwa kisu na upime unene wake mahali valvu ilipobonyea. Upande wa kuingiza usipungue thau 80, wa kutoa usipungue 100. Kwa tapeti za haidroliki tumia tapeti solidi za kupimia, kwa sababu tapeti isiyo na oili inajikunja na kukudanganya.

Lazima nipime digrii, au nifuate alama za taimingi cheni?

Pima. Alama inaweza kuwa imekosea digrii 4, na digrii 4 zinahamisha toki yote. Unahitaji duara la digrii, saa ya kupimia na kizuizi cha pistoni. Tafuta kilele cha kweli cha pistoni namba 1, pima tapeti ya kuingiza ikiwa thau 50 chini ya kilele chake pande zote mbili, jumlisha, gawa kwa 2. Linganisha na karatasi. Kwa gari la barabarani, kutanguliza digrii 2 hadi 4 hakuna ubaya.

Injini yangu ni ya 1966. Kuna la kuangalia?

Lipo, na linaua injini kimyakimya. Bloku za Mark IV za 1965 na 1966 zinapitisha oili kupitia mfereji uliochongwa kwenye jarali ya nyuma ya kamshafti, yaani sehemu inayokaa ndani ya beringi. Kamshafti za baadaye hazina mfereji huo. Mwambie muuzaji mwaka wa bloku, na kabla ya kufunga angalia kwa macho yako. Upande wa pili wa historia, 454 za malori za 1996 hadi 2000 zilitoka kiwandani na rola na bamba la kuzuia kamshafti. Kamshafti yake haiingii kwenye bloku ya 1970 bila kazi.

Na Mopar, Ford, Pontiac, Buick?

Mantiki ni ileile, vipimo vinabadilika. Mopar 440 ina tapeti pana ya inchi 0.904 dhidi ya 0.842 ya Chevrolet, kwa hiyo inakubali nundu inayopanda kwa kasi zaidi. Nunua iliyochongwa kwa ajili yake, si ya Chevrolet iliyobadilishiwa jina. Roka zake ni 1.5. Ford 429 na 460 zina tapeti ya 0.875 na roka za 1.73. Buick 455 Stage 1 ya 1970 iliandikiwa pauni-futi 510 kwenye mizunguko 2,800 tu, na mwenye gari hilo akiniomba kamshafti kubwa huwa namuuliza anatafuta nini ambacho hana. Pontiac 455 nayo ni ya toki. Mizunguko mingi si mchezo wake.

Nimefunga, nimezindua vizuri, lakini gari linazima nikiweka D.

Mara nyingi kamshafti haina kosa. Anza na taimingi ya cheche. Kamshafti yenye mwingiliano mkubwa inataka taimingi ya mwanzo ya digrii 14 hadi 18, badala ya 6 au 8 za kitabu cha zamani, lakini jumla isizidi 36 hivi, kwa hiyo distribyuta lazima ipunguziwe mwendo wake wa ndani. Hilo peke yake huongeza vakyumu na kutuliza gari.

Kisha kabureta. Ukifungua sana skrubu ya sailensa ili injini isizime, vile vibamba vya kupitisha hewa vinapita mlango wa mpito pembeni, petroli inamwagika bila mpangilio na skrubu za mchanganyiko hazisikii tena. Toa kabureta, igeuze: sehemu ya mlango inayoonekana chini ya kibamba iwe mraba mdogo, si mstari mrefu. Hewa inayopungua iongezwe kwa kufungua kidogo vibamba vya nyuma. Na kama ni Holley, angalia valvu ya nguvu, ile inayoongeza petroli vakyumu ikishuka. Iliyoandikwa 6.5 inafunguka vakyumu ikishuka chini ya inchi 6.5, gari lenye 6 likiwa kwenye gia litakunywa petroli hata limesimama. Chukua nusu ya vakyumu unayopima ukiwa kwenye gia, ndiyo namba ya kununua.

Ukishafanya hayo na bado linazima, tazama stoli ya konvata. Ya kiwandani inaibana injini mapema, na hapo hakuna skrubu itakayosaidia. Konvata ndiyo inayotoka.